Waliozikwa Pamoja

Walipofukuliwa pangoni, yule mwanamke wa kale alikuwa bado amemkumbatia mtoto. Kila mtu pale makumbusho alisema ni mama na mwanawe. Nyamizi, aliyepima vinasaba vya meno yao, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona majibu. Hawakuwa na undugu wowote.

Alibaki ameduwaa mbele ya kompyuta. Mwaka uliopita alifiwa na Shija, mtoto wa mumewe, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ndugu wa mama aliyemzaa walikuja kuuchukua mwili wakauzike kwao.

"Wewe hukumzaa," walimwambia. "Tunazika damu yetu."

Mumewe aliinamisha kichwa. Kaburi lenyewe Nyamizi hajaonyeshwa mpaka leo.

Bwana Mhoja, mkuu wake, aliyasoma majibu akiwa amesimama. "Basi tuwatenganishe. Kila mmoja awe na sanduku lake."

"Mzee, na waliowalaza pamoja?"

"Nyamizi, hawa si ndugu."

"Waliowazika walijua hivyo. Na bado wakamwachia huyu mwanamke mtoto."

Mhoja alimtazama, akakohoa kidogo, akatoka. Masanduku mawili matupu aliyaacha mezani, kando ya mifupa.

Nyamizi akavaa glavu. Akaliinua fuvu la mtoto kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye mfupa wa mkono wa yule mwanamke. Likateleza. Akaliegemeza tena, safari hii akalishikilia palepale, asijue namna ya kuliachia.