Mama wa Kwanza wa Akina Pettigrove

Siku hizi tone la damu ya mzao linatosha kumrudisha marehemu azungumze, saa nzima, mara moja kwa mwaka. Kila mkutano wa ukoo wetu, hapa mjini Savannah, tuliwaita majaji na askofu wetu, wakajisifu mpaka muda ukaisha. Mwaka huu niling'ang'ania tumwite mama wa kwanza, aliyezaa utumwani, asiyejulikana hata jina.

"Naye aone tulikofika," nilimwambia shangazi Lucinda.

Sauti ilipokuja, shangazi alimsomea vizazi saba na vyeo vyote. Mama alisikiliza.

"Hao wote ni wa mtoto wangu mmoja," akasema taratibu. "Wale wanne waliouzwa mmewaweka wapi?"

Sheria hairuhusu kumkatiza marehemu, na zilikuwa zimebaki dakika hamsini.