Hawa Wanataka Nini?

Zipu ililia chumba cha pili, ikakwama, ikalia tena. Kitindamimba alikuwa anafunga sanduku.

"Hebu punguza makelele!" kaka mtu alifoka, macho kwenye kompyuta. "Nina kazi ya watu hapa!"

Kazi yenyewe ilikuwa kukagua tovuti kumi na mbili za vyama vinavyohimiza safari za anga za juu, aone kama msomaji wa kawaida anaelewa chama kinataka nini. Ripoti ilitakiwa saa nane mchana. Wenye kazi walishamwambia: akikosa hata tovuti moja ya kuigwa, mkataba unakwenda kwa mwingine.

Msomaji wa kawaida alikuwa mama yake. Alikaa pembeni na sindano, akipunguza mikono ya koti la kijani alilopewa na kitindamimba asubuhi ile.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Kaka mtu anabandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta, anaficha jina la chama na picha za watu, maana sura nzuri humhonga msomaji. Mama anasoma maneno matupu kwa dakika moja. Kisha swali.

"Hawa wanataka nini?"

"Wanataka tuangalie juu."

"Tuangalie juu tufanye nini?"

"Hawajasema. Labda paa linavuja."

Sifuri. Ikaja ya kumi.

"Na hawa?"

"Hawa ni kama marehemu baba yako alipokuwa na kosa. Maneno debe zima, jambo halitoki."

Kaka mtu alipiga meza. Watu wazima, wenye maroketi yao, sentensi moja nyoofu imewashinda! Ya kumi na moja ilimpa mama usingizi.

Kitindamimba akachungulia. "Kaka, redio yangu chukua. Na hivi viatu mpe jirani."

"Kozi ya miezi mitatu unagawa mpaka viatu?"

"Tutapewa vingine," alisema, akarudi chumbani upesi.

Ikabaki ya mwisho. Saa saba na nusu. Kaka mtu alibandika karatasi kama mtu anayefunga kidonda. Mama akavaa miwani, akasoma, akaivua kabla dakika haijaisha.

"Hawa wanapeleka watu wanne Mirihi wakaishi huko. Hawarudi. Watu wenyewe wameshapatikana, wanaingia kambini leo, na wakiingia hawatoki mpaka siku ya kuruka. Wanaomba tuwaunge mkono."

"Mama! Yote hayo umeyaelewa?"

"Si wamesema wazi? Ila mama zao, jamani. Sijui wameagwa vipi."

Kaka mtu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kumi kwa kumi! Akaandika: hii ndiyo ya kuigwa. Kisha akabandua karatasi ili anakili jina la chama.

Sura nne zilimtazama. Ya tatu ilikuwa imevaa koti lile lile la kijani.

Akairudisha karatasi, akaikandamiza kwa kiganja.

Nyuma yake sanduku lilitua sakafuni. Kitindamimba alipiga magoti, akamkumbatia mama pamoja na sindano na koti lake.

"Miezi mitatu tu, mama," alisema. "Naahidi nitarudi."