Zamu ya Mwarobaini

Auleria alikuwa kwenye mpapai wa mwisho, bomba la dawa mgongoni, shati la mumewe limemfika magotini, bwana shamba Benson aliposukuma geti. Barazani kulikuwa na masufuria makubwa ya kuazima ambayo hayajarudishwa kwa wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Likizo imekwisha?"

"Imekwisha. Naona mlikuwa na shughuli."

"Watu walikuwa wengi," alisema, akaendelea kupiga dawa.

Benson aligeuza jani moja, kisha jingine. Mwaka jana shamba hili la Chanika lilikuwa la kulilia: majani yamejikunja, matunda yana mabaka ya duara, vidukari wakibeba kirusi mti hadi mti. Majirani walisema Gaspar, mumewe Auleria, amekula hasara mchana kweupe, kustaafu aje kufuga magonjwa. Benson ndiye aliyewafundisha kung'oa miti iliyougua, na kupulizia mizima mafuta ya mwarobaini ili vidukari wasipate nafasi ya kuambukiza.

Siku alipopelekwa hospitali Mwananyamala, Gaspar alimwomba mkewe jambo moja: asiruke zamu ya dawa. Auleria hakuruka. Hata siku ile ya watu wengi aliamka mapema, akachanganya mafuta na maji ya sabuni, akazunguka shamba zima. Hakusikia uchungu wala uchovu. Mikono ilifanya kazi, yeye akaitazama tu.

"Mama, umeiokoa yote," Benson alisema. "Mzee akiiona hii, sijui itakuwaje."

"Aliniambia nisiruke."

Benson akaenda kunawa kwenye pipa la maji ya kuchanganyia dawa, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Aliinama, akasita.

"Mama, humu mna viluwiluwi vya mbu, tele. Pipa likikaa wazi ndipo wanapotagia. Wadondoshee haya mafuta yenu kidogo, wanakufa wote."

Auleria alilitua bomba chini. Akachukua chupa ya mwarobaini dirishani, juu kabisa ya pipa, mahali ilipokaa siku zote. Akafungua kizibo, akaanza kumimina.

"Kidogo tu kinatosha, mama."

Aliendelea kumimina mpaka chupa ikaisha.

"Daktari alisema ni homa ya dengi," alisema. "Tumemzika Jumamosi."