Saa Alizoziruka Mbwana

Siku hizi mtu akichoshwa na saa fulani huiruka. Hubonyeza kidude nyuma ya sikio, akili ikalala, mwili ukaendelea kula, kutembea na kuitika kwa adabu.

Semeni alimuuliza mumewe, Mbwana, kama alifurahi mtoto wao alipopiga hatua ya kwanza jana.

“Jana jioni niliiruka,” alisema Mbwana. “Nilidhani hakuna jipya.”

“Alitembea akaja kwako. Ukamdaka.”

Mbwana aliitazama mikono yake.

“Umri wako unautupa jalalani,” Semeni alifoka. “Utazinduka mzee, hujaishi hata kidogo.”

Mkono wa Mbwana ulipanda sikioni, uso wake ukatulia.

“Ni kweli, mke wangu,” alisema kwa upole. “Samahani sana.”

Semeni aliendelea kumfokea mpaka sauti ikamkauka, ingawa alijua hakuna anayemsikia.