Ushahidi Ndani ya Kopo la Aiskrimu

Magwinya manne, yale maandazi ya mviringo ya kukaanga, yalikuwa yameganda kama mawe ya mgodini. Ramohapi aliyatoa moja moja kwenye kopo la aiskrimu, akayapanga juu ya meza ya kamati ya afya, mbele ya watu waliojaa ukumbi wa kanisa.

"Huu ndio ushahidi wangu," alisema.

Mwenyekiti, Mzee Sehloho, alimuuliza kama amewaletea kiamshakinywa, na kama ndiyo, nyama ya kusaga iko wapi. Watu wakacheka. Ramohapi hakucheka. Wakubwa wanacheka tu, maana wake zao hutibiwa mjini.

Akaeleza. Mkewe, Nthofeela, alifariki mwezi wa nane kwenye benchi la kliniki, akisubiri kuitwa. Yeye Ramohapi alikuwa kwenye geti la mgodi uliofungwa, alikoshinda kila siku na wenzake walioachishwa kazi, wakiwalaani mabosi mpaka jua lizame. Alipofika kliniki benchi lilikuwa tupu, limeshaoshwa. Tangu siku hiyo hupita njia ya nyuma asilione.

Halafu Sista Keneuwe, muuguzi mkuu wa kliniki, akaandika kwenye karatasi kwamba marehemu aliugua moyo kwa muda mrefu.

"Mgonjwa gani anakanda unga?" Ramohapi aliuliza. "Siku mbili kabla ya kufa alijaza beseni la magwinya haya. Niliyakuta mezani ya moto, yamefunikwa kitambaa. La kwanza nikalipasua, nikalishindilia achari na vipande vya soseji ya polony. Yeye alikuwa ameketi karibu na jiko, blanketi magotini, akala nusu na jamu ya aprikoti, akasema ameshiba. Hata nilimtania kwamba siku hizi mkono wake una chumvi. Akacheka. Huyo ndiye mgonjwa wenu?"

Yaliyobaki aliyatia kwenye friza. Miezi mitatu hakuyagusa. Serikali ikikata umeme, alilikimbiza kopo kwa jirani mwenye jenereta kama mtu anayekimbiza mtoto mwenye homa. Akalisema hilo nalo, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Nataka sista afukuzwe leo."

Asubuhi ile, kwenye geti la nyumbani, shemeji yake Puseletso, mdogo wa marehemu, alikuwa amemshika mkono wenye kitambaa cheusi cha msiba. Alimsihi aliache jambo hili, warudi ndani, atampikia mengine. Ramohapi alimuuliza ni ndugu gani huyo anayeionea haya haki ya dada yake. Puseletso aliinamisha kichwa. Sasa alikuwa ameketi safu ya mbele, kichwa bado chini, anaviringisha pindo la aproni.

Mzee Sehloho alimgeukia sista. Ana la kusema?

Sista Keneuwe alisimama, mama wa miaka hamsini na kitu aliyewazalisha nusu ya wanawake waliokuwa ukumbini. Aliitazama safu ya mbele, kisha sakafu.

"Yapo ya mgonjwa ambayo si yangu kuyasema," alijibu, akaketi.

Watu wakaguna. Nyuma mtu akasema kwa sauti kwamba hivyo ndivyo wanavyofundishwa chuoni, kunyamaza. Ramohapi aliona kifua chake kinatulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwenyekiti akasema wanaotaka sista aondolewe wanyooshe mikono. Wa Ramohapi ulitangulia. Ikafuata mitano, kumi, halafu haikuhesabika.

Ndipo Puseletso alipoinuka. Ramohapi alimsogezea nafasi pembeni yake, akijua kwamba undugu umemrudia. Lakini Puseletso hakusimama pembeni ya mtu. Alilivuta kopo, akaanza kuyarudisha magwinya ndani, moja moja, bila kumtazama.

"Niliyakanda mimi, shemeji," alisema. "Haya, na yote uliyokula tangu Pasaka. Dada alikuwa hawezi hata kusimama. Mimi na sista alitukataza tusikwambie mpaka uulize mwenyewe."