Wali wa Kunguru

Mzee Jayanti alikuwa akiwalisha kunguru wali.

Kalista, balozi wa nyumba kumi, alijibanza nyuma ya ua akamwona kwa macho yake. Asubuhi tatu mfululizo Mhindi yule mwenye duka alitoka na jani la mgomba, akaliweka juu ya ukuta, akanong'ona maneno, kisha akarudi nyuma kuwangoja ndege.

Ilikuwa Septemba 1979. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini pale Biharamulo mchele ulikuwa shida kuupata hata kwa foleni. Jirani yake Ildefonsa alikwishatoa hukumu: "Kaficha magunia. Au anatuloga."

Kalista naye alikuwa na lake. Wiki ya tatu sasa mzee alikuwa hamtazami usoni. Kila alipopita dukani, zilikofikia barua zake, kuulizia barua ya mwanawe Laurian, ambaye alikuwa hajarudi kutoka vitani, mzee alijibu "bado" huku akipima chumvi. Mtu mwenye moyo safi hakwepi macho.

Asubuhi ya nne aliingia uani bila kubisha hodi.

"Shikamoo mzee. Mchele huu umeutoa wapi?"

"Marahaba, balozi. Ni mgawo wangu. Mimi nakula muhogo."

"Nifungulie stoo."

Akamfungulia. Kalista alipekua kila pembe. Chumvi, sabuni mbili tatu, madumu matupu, muhogo mkavu. Gunia la mchele hakuliona.

"Na maneno unayonong'ona?"

"Ni majina." Mzee alieleza polepole. Kwao Wahindu, kila mwaka kuna siku kama kumi na tano za kuwakumbuka waliokufa. Unawafinyangia matonge ya wali na ufuta, unawamiminia maji, unawaita mmoja mmoja. Kunguru akila, basi wamepokea. "Mimi nawaita baba, babu, na baba yake babu. Hao watatu."

"Walio hai huwaiti?"

"Aliye hai haitwi kamwe, balozi. Ni kumtakia kifo."

Kalista aliona haya. Kwao Ngara nako wazee waliokufa walimwagiwa pombe ya ndizi chini, na hakuna aliyewaita waliomwaga wachawi. Aligeuka aondoke. Ndipo macho yake yakaangukia lile jani la mgomba.

"Umesema watatu. Mbona matonge ni manne?"

Mzee alilisogeza jani kando.

"La nne la nani?"

"Si wa ukoo wangu."

"Wa nani, basi? Kwa nini unamficha?"

Mzee Jayanti alinawa mikono, akaingia ndani. Alirudi na bahasha yenye mhuri wa jeshi, imekwisha kufunguliwa, kama alivyozifungua zote alizomsomea Kalista, asiyejua kusoma, tangu Laurian aingie jeshini.

"Kaa chini kwanza, Mama Laurian," alisema.