Siku Yangu ya Kuvuka

Ili homa isisambae, kila nyumba huruhusiwa mtu mmoja kuvuka mpaka wa wilaya, siku moja tu kwa mwaka. Mwaka huu nilivuka mimi, chanuo mkobani, nikamsuke binti yangu Nakijwa, anayelelewa ng'ambo na mdogo wangu Namsifu.

Nikamkuta ameshasukwa.

"Nimekupunguzia kazi, dada," Namsifu akasema.

"Nani alikuomba?"

Nikamkalisha mtoto, nikaanza kufumua.

"Taratibu, mama mkubwa!" Nakijwa akalia.

Mama mkubwa ndiye mimi niliyemzaa. Nikaendelea kufumua.

Saa kumi bangili ya kibali ikawaka nyekundu mkononi mwangu: muda wa kurudi umefika. Nusu ya kichwa ilikuwa timtim. Namsifu akaokota chanuo, na mwanangu akaenda mwenyewe kukaa katikati ya magoti yake.